Nta Chini ya Dawati

Mwalimu mkuu aliwaambia wazazi wasilete viroba, na aliwaambia hivyo kwa sababu yangu.

Mwaka uliotangulia, watoto wa darasa la kwanza katika shule ile iliyo pembeni ya Singida Mjini walianza masomo wakiwa wamekaa sakafuni. Kila mtoto alikuja na kiroba chake kutoka nyumbani, cha alizeti au cha mahindi, akakitandika, akakaa. Wakati wa kurudi alikikung'uta, akakikunja, akakiweka kichwani kwa sababu mvua za Januari hazina miadi. Mwalimu mkuu, mama mwenye sauti inayosikika hadi barabarani, aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuna kilichomuuma kama kusimama mbele ya mkutano wa wazazi na kutangaza, "Sare, daftari, penseli, na kiroba."

Safari hii alitangaza sare, daftari na penseli. Alipofika kwenye kiroba akatabasamu, kisha akanyoosha kidole kwenye benchi la wageni nilikokuwa nimekaa.

"Viroba bakini navyo," akasema. "Yule binti pale wa halmashauri ametuahidi madawati. Asipoyaleta, mtamkalia yeye."

Wazazi wote wakageuka kunitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kimoja kilikuwa na vumbi kuliko kingine, na jambo hilo lilinisumbua hadi mwisho wa mkutano.

Sikusomea ununuzi. Nina cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, na niliingia kitengo cha manunuzi kumshikia nafasi dada mmoja aliyekwenda kujifungua. Alipata mapacha, akaongeza likizo, mimi nikaongezwa naye. Ninachokijua kuhusu manunuzi ya umma nilijifunza mwenyewe, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikiwa nimekaa kwenye baraza la nyumba tunayopanga kwa sababu ndani mtandao haufiki. Ndiyo maana hadi leo baadhi ya vifungu vya sheria ninavikumbuka vikiwa na ufa katikati.

Aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Siku zote anahisi kuna ukurasa mmoja ambao wenzake wote waliusoma darasani na yeye hakuuona. Basi mimi hukagua. Nikiandika barua ya mistari mitatu naisoma hadi maneno yanaanza kuonekana ya kigeni. Mkobani natembea na futi ya chuma. Ofisini wamenizoea. Mama anayetuletea chai akifika, mtu lazima aseme, "Chai imekuja, mwiteni aje aipime."

Kwenye baraza lile lile ndipo nilipokutana na maneno uchumi wa mzunguko. Maana yake nilivyoelewa mimi ni kwamba kitu kisitupwe kwa sababu tu maisha yake ya kwanza yamekwisha. Kitengenezwe, kirudi kazini, na kikishindikana kabisa, vipande vyake viingie kwenye kitu kingine. Na kwamba serikali, kwa kuwa ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote, inaweza kuwafundisha mafundi na wafanyabiashara kazi hiyo kwa jambo moja tu: kuiomba wakati wa kununua. Nilisisimka kama niliyegundua bara. Nilimpigia bibi yangu kule Iramba kumweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo ndiyo mnayosomea kwenye simu? Kushona kiraka?"

Ilikuwa kushona kiraka, ndiyo. Lakini kiraka cha serikali kina utaratibu wake.

Nyuma ya madarasa ya shule ile kulikuwa na kilima cha madawati mabovu. Lingine limevunjika mguu, lingine limeng'oka ubao, lingine limekosa kila kitu isipokuwa umbo. Kila mara yaliponunuliwa mapya, utepe ukakatwa na wageni wakapigwa picha, yaliyovunjika yalibebwa yakarundikwa pale kusubiri kamati ya kuyafuta kwenye orodha ya mali za serikali. Kila moja lilikuwa na namba yake ubavuni, imepakwa kwa rangi nyeupe. Mali yenye namba haichomwi, haigawiwi, haiguswi mpaka ifutwe, na kamati ya kufuta ilikuwa na mambo mengine. Kuku wa jirani walikuwa wameishahamia. Walitaga humo, wakaatamia, na vifaranga walioangulika humo nao wakaja kutaga humo.

"Ukiyaondoa haya," mwalimu mkuu aliniambia siku ya kwanza nilipokwenda kupima, "utanilipa mayai."

"Lakini mwalimu, watoto watakaa."

"Nimesema utanilipa mayai, sijasema usiyaondoe."

Nilipima kila dawati. Mengi yalihitaji kuchomelewa miguu na kubadilishiwa ubao mmoja au mbili, na yale yaliyokufa kabisa yangetoa mbao za kuwatibia wenzao. Mkuu wangu wa kitengo, mzee mpole anayependa mambo yapite bila kelele, aliniachia niandike vigezo vya zabuni mwenyewe. "Andika," akasema, "ila usiniaibishe. Watu wakisikia ya zamani, wanajua ni mabovu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniharibu. Niliogopa mtu asije akasema halmashauri inawapa watoto mabovu. Nikaandika vigezo virefu kuliko katiba ya kikundi chochote cha akina mama. Nikaeleza rangi. Nikaeleza msasa. Nikaandika kwamba madawati yote yafanane kama yaliyotoka kiwandani siku moja. Na kwa kuwa nilikuwa nimeona mbao zilizochongwa mioyo, mishale, majina ya wapenzi na ya timu za mpira, nikaandika sentensi niliyojivunia kuliko zote: "Katika sehemu zinazoonekana pasiwe na maandishi ya aina yoyote."

Aliyeshinda zabuni alikuwa fundi mwenye karakana pale Mkiwa, njia panda, mahali ambapo mabasi yanasimama na akina mama wanakimbilia madirisha na vitunguu na alizeti. Ni mtu wa makamo, mcheshi, mwenye bidii ya kutisha. Alinipigia simu kila alipofika kwenye kifungu asichokielewa, yaani alinipigia kila siku.

"Dada, hapa umeandika pembe ziwe laini kwa kiganja cha mtoto."

"Ndiyo, fundi."

"Mtoto wa nani? Maana wangu ana kiganja chenyewe kama msasa. Nikimtumia huyo kupima, kila kitu ni laini."

Siku nyingine: "Dada, nimefika kwenye maandishi. Ya aina yoyote?"

"Ya aina yoyote, fundi."

"Hata madogo?"

"Hata nukta."

Akacheka. "Haya. Nitayaranda mpaka yasahau yalikotoka."

Ningekuwa mtu wa kawaida ningejiuliza kwa nini anauliza. Mimi nilikuwa nafurahi kwamba hatimaye nimempata mtu anayesoma vigezo.

Madawati yalirudi kwa lori Alhamisi, siku moja kabla ya kamati ya ukaguzi na mapokezi kuja, shule ikitarajiwa kufunguliwa Jumatatu. Yaliposhushwa na kupangwa darasani, nilisimama mlangoni nikatazama tu. Mbao zilikuwa za rangi ya asali, zimepakwa vanishi hadi unaona dirisha ndani yake. Miguu myeusi, imenyooka. Nilizungukia kila moja na futi yangu. Fundi alinifuata nyuma, mikono kiunoni, kama baba wa bibi harusi.

"Kuna nukta?" akauliza.

"Hakuna hata moja, fundi."

"Si uliniambia."

Nililala usingizi mzuri, jambo ambalo kwangu ni dalili mbaya.

Ijumaa nilifika shuleni mapema, kabla ya kamati, nikiwa na shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Nikakaa kwenye dawati la mstari wa mbele karibu na mlango ili nijisikie mtoto wa darasa la kwanza atakavyojisikia. Nikaweka mikono chini ya meza. Vidole vyangu vikagusa kitu. Kigumu, chenye mabonde. Pembeni yake kingine. Na kingine.

Niliinama nikatazama. Chini ya meza kulikuwa na vinundu vyeusi vilivyobandikwa ovyo, kama vichuguu vidogo. Ilikuwa nta. Wazazi wengi wa shule ile wana mizinga, na wasio nayo wana ndugu Rungwa wanaowaletea asali. Watoto huja na vipande vya masega mfukoni, wanavitafuna wakanyonya utamu wote, na nta inayobaki wanaibandika chini ya meza mwalimu akiingia, ili waendelee nayo akitoka. Wengine huisahau. Wengine walihitimu wakaiacha. Fundi hakuigusa kwa sababu mimi mwenyewe niliandika "sehemu zinazoonekana".

Sijui wengine wangefanya nini. Mimi nilikwenda jikoni kwa mpishi wa uji, aliyeitwa siku hiyo kuipikia kamati, nikaazima kisu. Nikatandika gazeti sakafuni, nikaanza kukwangua, nikikusanya kila kipande ili nisichafue darasa lililofagiliwa. Nilikuwa nimemaliza mstari wote wa mbele mwalimu mkuu aliponikuta.

"Unatafuta nini huko?"

"Shikamoo mwalimu. Nta."

"Marahaba. Umefungua kiwanda cha mishumaa?"

"Kamati itaiona, mwalimu."

"Kamati itainama? Wale watu na vitambi vile?" Akaninyang'anya kisu. "Njoo unywe chai. Hata Mungu alipumzika, na Yeye alikuwa na kazi nyingi kuliko yako."

Nilikunywa chai ile huku nikihesabu moyoni mistari iliyobaki. Nikafikiria kuomba ruhusa ya kwenda chooni ili nirudi darasani. Alinitazama akasema, "Hata usijaribu."

Mwenyekiti wa kamati hakuwa na kitambi. Alikuwa afisa mifugo, mzee mrefu mkavu ambaye wilaya nzima inamwita Daktari. Kamati hizi hukusanya watu wa idara mbalimbali ili anayekagua asiwe ndiye aliyenunua. Aliingia na wajumbe wake wawili, ambao kazi yao ilionekana ni kukubaliana naye, akasimama katikati ya darasa akitazama huku na huku. Nikajua amependezwa. Nikaanza kutabasamu.

"Binti," akasema, "hereni ziko wapi?"

"Hereni, Daktari?"

"Ng'ombe wa siku hizi ana hereni sikioni, yenye namba. Nikimkuta asiye na hereni nauliza ni wa nani. Dawati la serikali nalo lina namba ubavuni. Namba za haya ziko wapi?"

Nilitazama ubavu wa dawati la kwanza. Uling'aa. La pili likang'aa. Nikamgeukia fundi, aliyekuja kuona kazi yake ikipokelewa, na fundi akanigeukia mimi.

"Nimeranda," akasema fundi.

"Kwa nini?" Daktari akauliza.

"Imeandikwa, mzee. Pasiwe na maandishi ya aina yoyote. Na namba ni maandishi. Mimi nikasema labda nimekosea, nikampigia dada huyu. Nikamuuliza, hata madogo? Akanijibu, hata nukta."

"Ulisema hata nukta?"

"Nilisema," nikajibu. "Nilikuwa na maana ya mioyo na mishale."

"Hapo sasa," akasema Daktari, akavuta pumzi kama mtu anayekaribia kupiga sindano. "Mkataba unasema nipokee madawati ya zamani yaliyotengenezwa. Mimi hapa naona mapya. Ya zamani yako wapi?"

"Ndiyo haya, Daktari."

"Haya si mapya?"

"Yanaonekana mapya."

"Na mimi kazi yangu ni kuona. Nikisaini, nimesema nimepokea ya zamani nisiyoyaona. Na hapo hapo kuna mapya mbele yangu ambayo hakuna aliyeyanunua. Mkaguzi akija atasema ya zamani tuliyauza, haya tukapewa na mtu, na huyo mtu anataka kitu. Hatakuuliza wewe. Ataniuliza mimi, na mimi nina miezi michache nistaafu."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Fundi alianza kueleza jinsi alivyochomelea mguu mmoja mmoja, Daktari akamwambia anamwamini kabisa, ila kumwamini hakusainiwi popote. Nikasema nina vipimo vya kila dawati kabla halijatengenezwa. Akauliza kama vipimo vya dawati la zamani ni tofauti na vya dawati jipya la aina ile ile. Nilikuwa nimevipima mwenyewe na nilijua havitofautiani.

Mwalimu mkuu akasogea hadi mbele ya Daktari.

"Daktari," akasema, "watoto wanakuja Jumatatu."

"Waje, mwalimu. Sijakataza mtoto."

"Watakaa wapi?"

"Haya hayakaliwi mpaka yapokelewe. Tutaandika, tutasubiri maelekezo."

"Kwa hiyo nirudi kwa wazazi, wale wale, niwaambie walete viroba."

Hakusema kwa sauti yake ya barabarani. Alisema taratibu, akitazama dirishani, na mimi nikatamani sakafu ile ifunguke, ingawa nilijua ni ya saruji nzuri. Nilimwona akiwa mbele ya mkutano, akirudisha neno. Nikaona kiroba kichwani kwa mtoto, mvua ikinyesha.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa anatafuta njia. Alilizunguka dawati la katikati kama anavyozunguka mnyama mnadani. Akalibonyeza mgongo. Akachungulia kwenye uwazi wa kuwekea daftari kama anayetazama kinywa. Kisha akapitisha mkono chini ya meza ili ainue aone miguu, akasita. Akautoa mkono, akautazama. Bati la darasa lilikuwa limepata jua tangu asubuhi na nta ilikuwa imelainika. Ilikuwa imemganda kwenye kidole.

"Samahani sana, Daktari," nikaruka na kitambaa. "Samahani. Nilikuwa sijamaliza kukwangua."

Hakunisikia. Alikuwa ananusa kidole. "Asali," akasema. "Ya zamani. Fundi, shika huku tuligeuze."

Wakalilaza dawati chali kama mbuzi. Akavaa miwani, akachuchumaa.

"Njooni muone," akawaambia wajumbe wake. "Hii nta imeingia vumbi hadi ndani. Haikubandikwa wiki hii wala mwaka huu. Na ina meno." Akasogeza uso. "Tazama haya. Madogo, yana mapengo. Huyu alikuwa hajabadilisha meno ya utoto. Na huyu wa pembeni ameshabadilisha, angekuwa la tatu au la nne. Fundi, karakana yako ina watoto wangapi wanaotafuna masega?"

"Mmoja, mzee, na hapendi shule."

"Basi hili dawati lilikuwa darasani. Geuza lingine."

Wakageuza lingine. Nta. Wakageuza la nyuma yake. Nta, na chini ya nta, ubao wa kijivu uliochoka, misumari yenye kutu, na moyo mmoja wenye mshale ambao randa haikuufikia. Daktari alikuwa amechangamka sasa, anasoma meno kwa sauti, huyu wa upande wa kulia, huyu alikuwa na jino bovu, na wajumbe wake walikuwa wamechuchumaa naye. Mwalimu mkuu alisema anamjua huyo wa jino bovu, kwa sasa ana duka la simu mjini. Hapo ndipo walipofika mstari wa mbele karibu na mlango.

"Haya ya hapa mbona masafi?"

Darasa zima likanitazama. Ningeweza kunyamaza. Lakini mimi nikinyamaza natokwa jasho, kwa hiyo wanajua tu.

"Nimeyakwangua asubuhi, Daktari."

"Ulikuwa unafuta ushahidi?"

"Nilikuwa nasafisha."

"Huyu dada," fundi akamwambia mwalimu mkuu, "akienda msibani atamnyoosha marehemu sanda."

"Kama si chai yangu," mwalimu mkuu akajibu, "mngekuta chini kote kunang'aa, na mimi natangaza viroba."

Mwalimu mkuu akaenda kuchukua gazeti langu nililolikunja vizuri kwenye kona, akalifungua mbele ya Daktari. Vinundu vyote vilikuwemo. Daktari akavitazama, akasema hivyo ni vya meza ipi hakuna ajuaye, ila nta ikikaa muda mrefu huacha doa la mafuta kwenye ubao. "Ingia chini," akaniambia. "Wewe uliyevitoa, tuonyeshe vilipokuwa."

"Niingie chini?"

"Au niingie mimi, na mgongo huu?"

Nililala chali kwenye sakafu na shati langu jeupe, nikajisukuma chini ya dawati la kwanza, nikawasha tochi ya simu. Juu yangu, karibu na pua, ulikuwepo ubao ule ule niliokuwa nimeupima kwenye kilima cha kuku. Kijivu, wenye mikwaruzo, wenye misumari ya mafundi watatu tofauti. Na madoa, ya mviringo, yamekolea kama mafuta kwenye karatasi ya maandazi. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi nikiomba kitu cha zamani kirudi kazini, na katika kila ukurasa niliomba pia kisionekane cha zamani. Sikuwahi kuona kwamba nilikuwa naomba mambo mawili. Nikiwa chali, nikiwa na vumbi masikioni, niliyaona.

"Kuna doa?" sauti ya Daktari ikashuka kutoka juu.

"Lipo."

"Hatusikii."

"Lipo, Daktari!"

"Lingine."

Nikatambaa mstari mzima, nikipiga kelele lipo, lipo, na nje ya dirisha mpishi wa uji alikuwa ameacha mwiko wake kuja kutazama.

Daktari alikubali, kwa sharti moja. Namba zirudi kila moja mahali pake kwenye ubavu, siku hiyo hiyo, ndipo asaini. Fundi akakimbia kuleta rangi nyeupe na brashi. Mimi nilisimama na orodha ya namba mkononi, nikiitazama na kuyatazama madawati.

"Daktari, lakini nitajuaje lipi lilikuwa namba ipi?"

"Yaliyotoka na yaliyorudi ni sawa?"

"Sawa, ukitoa yale yaliyogeuzwa mbao, na hayo yameshafutwa kwenye orodha."

"Basi gawa."

"Siwezi kugawa tu. Kuna dawati litavaa namba ya mwenzake."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazama ndama. Mwalimu mkuu ndiye aliyenijibu. "Binti, watoto wangu wenyewe nawabadilisha viti kila muhula, na hakuna aliyewahi kurudi nyumbani kwa mama asiye wake."

Nikapaka. Fundi alinishikia kopo, akinisimulia maisha yake. Saba zangu zilitoka kama ndoano. Ilipofika zamu ya Daktari kusaini, alikaa kwenye dawati dogo la darasa la kwanza, magoti yakamfika kidevuni, akasaini akiwa hapo. Alipotaka kuinuka tukamvuta.

Jumatatu nilipita shuleni kabla ya kwenda ofisini. Hakuna aliyenituma. Mlangoni nilikuta mama mmoja amembeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono, kiroba kikiwa kimekunjwa kwapani, kwa tahadhari. Alichungulia ndani, akamwachia mtoto aingie, akarudi na kiroba chake.

Mwalimu mkuu alikuwa mbele ya darasa. Wote walikuwa wamekaa. Miguu mingine haikufika chini, ilikuwa inaning'inia. Nilisalimia, akaniitikia bila kugeuka, kisha akanionyesha kwa nyusi msichana mmoja wa mstari wa mbele. Msichana alikuwa anatafuna kimya kimya, macho ubaoni. Akatoa kipande mdomoni, akakitazama kama bado kina kitu, kisha mkono wake ukateremka chini ya meza, ukawa unapapasa kutafuta nafasi. Nafasi ilikuwepo. Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe.

Mdomo wangu ulifunguka.

"Mwache," akasema mwalimu mkuu kwa sauti ya chini. "Anagonga muhuri."

Nikaufunga. Nilimwacha kweli, nashangaa hadi leo. Lakini nilipokuwa natoka niliona saba ya dawati lake imeinama upande wa kulia, na kwenye kopo pale dirishani rangi ilikuwa imebaki kidogo. Nilikuwa nimeishashika brashi mwalimu mkuu alipokuja, akanitoa nje taratibu kwa kunishika bega, akafunga mlango, na nikasikia komeo likipita.

Niliinama kwenye uwazi wa dirisha. Kutoka pale ile saba ilikuwa haionekani sana kwamba imeinama.